Muuguzi Mmoja Kati ya Ngoliba na Mugutha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rula, penseli na kitabu kikubwa chenye jalada gumu la kijani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ofisi ilikuwa Thika, chumba kimoja cha watumishi wa wilaya ambacho madirisha yake yalitazama upande wa viwanda. Afisa wa Watumishi wa Wilaya, mwanamume mrefu aliyezungumza polepole, alinionyesha kiti kisha akafungua kitabu kile katikati. Kila kurasa mbili zilikuwa za kituo kimoja: hospitali, dispensari, ofisi ya kilimo. Upande wa kushoto ziliandikwa nafasi ambazo serikali ilikuwa imeziruhusu. Upande wa kulia yaliandikwa majina ya watu waliokuwepo kazini. Penye nafasi na hapana jina, mstari ulibaki mtupu.

Aliniambia kwamba watu watakuja kwangu na hadithi nyingi, na kwamba nisibishane na yeyote. "Wewe angalia mstari," akasema. "Mstari hauna ndugu."

Nilifanya hivyo kwa miaka sita. Vijana wa siku hizi wanaofanya kazi hii kwa kompyuta wakiniuliza tulikuwa tukifanya nini hasa, huwaambia kwamba tulikuwa na hesabu tatu. Ya kwanza ni nafasi zilizoidhinishwa. Ya pili ni watu waliopo. Ya tatu ni pengo, yaani tofauti ya hizo mbili. Lakini hizo tatu zinakuambia habari za leo tu. Anayepanga watumishi hula mshahara wake kwa sababu ya kesho. Muuguzi anasoma miaka mitatu na zaidi, kisha anangoja kuajiriwa. Ukisubiri mzee astaafu ndipo uanze kutafuta atakayeshika kazi yake, umeshachelewa. Kwa hiyo kando ya kila jina niliandika mwaka wa kuzaliwa, na kila Januari nilipitia kitabu kizima nikiona ni nani anakaribia kuondoka.

Kisha nikapelekwa Ruiru, nikiwa Afisa Msaidizi. Huko ndiko nilikojifunza nusu ya pili ya kazi, yaani watu wanaohudumiwa. Afisa Mkuu wa Watumishi pale alikuwa mama mmoja mkali ambaye hakupenda kukaa ofisini. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi, na yeye alisema Ruiru haiwezi kungoja hivyo. Mashamba ya kahawa yalikuwa yanang'olewa na kukatwa ploti. Kamakis, ambayo niliikuta ikiwa kona ya wachoma nyama wachache, ilianza kupanda nyumba za kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa. Alinichukua tukatembea Mugutha kwa miguu asubuhi nzima, akinihesabisha nguo za watoto zilizoanikwa kwenye roshani. Tuliporudi aliniagiza nikadirie ni watoto wangapi watahitaji chanjo mwaka unaofuata. Nilikosea, lakini nilikosea kidogo kuliko karatasi za makao makuu.

Kaunti zilipochukua nafasi ya wilaya nilirudishwa Thika na cheo kipya, Afisa wa Mipango ya Watumishi katika idara ya afya. Sasa nilikuwa na kompyuta na mwenzangu mmoja, na juu yangu alikuwepo Mkurugenzi wa Watumishi. Mambo ninayotaka kuyaeleza yalitokea hapo, miaka yangu ya mwisho. Dispensari zinazohusika sitazitaja kwa majina. Wahusika wengi bado wako kazini.

Ilianza nilipoipanga orodha ya wauguzi wetu kwa umri. Wengi walikuwa wameajiriwa katika kipindi kimoja, miaka mingi nyuma, wakiwa vijana. Sasa walikuwa wanazeeka pamoja. Nilichora nguzo moja kwa kila mwaka kuonyesha watakaofikisha sitini, umri wa kustaafu, na nguzo za miaka mitatu iliyofuata zilipanda kama ngazi. Huku wauguzi wakijiandaa kuondoka, Ruiru ilikuwa inajaa wazazi wachanga.

Nilimpelekea Mkurugenzi karatasi ile mkononi. Aliisoma, akauliza kustaafu huko kunaanza lini. Nikamwambia mwaka ujao.

"Mwaka ujao hakuna ajira," akasema. "Ajira zimesimamishwa. Hilo si langu wala lako. Tafuta wanaoweza kuhamishwa."

Nilijaribu kumweleza kwamba kuhamisha hakuongezi mtu. Akanirudishia karatasi yangu, akanipa wiki mbili nilete mpango.

Njia ya kupanga uhamisho inafahamika. Unachukua rejista ya wagonjwa ya kila kituo, unagawanya kwa wauguzi waliopo, unaona nani amelemewa na nani ana nafuu. Mugutha ilikuwa juu kabisa ya orodha. Nilikwenda kujionea. Muuguzi alikuwa mmoja, kijana aitwaye Karanja, na foleni ilitoka mlangoni ikazunguka tangi la maji. Nikiwa nimesimama pale, mwanamke aliyekuwa kwenye benchi alishikwa na uchungu akajifungua mbele yetu sote, wanawake wenzake wakiwa wamemzingira kwa leso walizojitanda. Karanja alitoka chumba cha chanjo akapiga magoti sakafuni kumpokea mtoto. Mtoto alilia, mama akawa salama. Kisha Karanja alikwenda kunawa mikono. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajakula tangu jana mchana, na kwamba anaogopa siku moja atampa mtoto dawa isiyo yake.

Chini kabisa ya orodha ilikuwa dispensari moja kule Ngoliba. Wauguzi wawili, wagonjwa wachache. Sikuona sababu ya kwenda. Ngoliba ni mbali, jua kali, na niliijua kwa ramani. Niliandika kwamba mmoja ahamie Mugutha, na nikamchagua aliyekuwa na uzoefu wa kuzalisha. Jina lake Sista Nekesa. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akapelekwa Ngoliba, akakaa huko mpaka nywele zikamgeuka mvi. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Alipopata fununu alikuja Thika. Aliketi mbele ya meza yangu, mkoba juu ya magoti, akaniuliza habari za nyumbani kabla ya kusema lililomleta.

"Madam, mimi sikatai kwenda," akasema. "Mimi ni mtu wa serikali. Lakini kabla unitoe, kuja kwanza uone."

Nilimwambia sina siku ya kwenda Ngoliba. Alifungua mkoba akatoa daftari la shule, lile la kurasa mia, akaliweka mezani. Alieleza kwamba kila Jumanne na Ijumaa huzunguka kwenye maboma ya wazee wasioweza kufika dispensari, akiwapima presha, akiwapa dawa za sukari, akiwaosha vidonda. Hawamo kwenye rejista, kwa sababu rejista ni ya anayeingia mlangoni. Wako kwenye daftari hilo.

Nilimwahidi nitalisoma. Alipotoka nililitia kwenye droo. Nilikuwa na siku nne za kumaliza mpango, na picha ya yule mama kwenye benchi ilikuwa haijanitoka. Nilijiambia natenda haki. Barua za uhamisho zikatoka, na Jumatatu iliyofuata Sista Nekesa aliripoti Mugutha.

Wiki ya tano nilipigiwa simu na chifu wa kule Ngoliba. Alisema watu wamekasirika, na Mkurugenzi aliposikia akaamua niende mimi nikawatulize, maana mpango ulikuwa wangu.

Baraza lilifanywa nje ya dispensari. Nilianza na maneno niliyoyazoea, ya uwiano na ya ugavi wa haki, na nikaona nyuso hazibadiliki. Muuguzi aliyebaki, mwanamke kijana, alisimama kando akitazama chini. Alikuwa peke yake na hangeweza kufunga mlango azunguke maboma. Chifu alimpa nafasi mama mmoja aliyeitwa Mama Mwende. Mumewe, Mzee Kioko, alikuwa na sukari na kidonda mguuni ambacho Sista Nekesa alikuwa akikiosha mara mbili kwa wiki. Baada ya sista kuondoka kidonda kilioza. Walipompata mtu wa gari wa kumpeleka Thika, daktari alisema mguu hauwezi kuokolewa. Ulikatwa chini ya goti siku tatu kabla ya baraza hilo.

Mama Mwende hakupaza sauti. Pengine ndiyo sababu nilisikia kila neno.

"Sisi si wengi, hiyo tunajua," akasema. "Watoto wetu walienda. Wako huko Ruiru, wamepanga nyumba, wanazaa huko. Binti yangu Mwende ako Mugutha. Sasa wewe umetoa sista kwangu umepelekea Mwende. Mimi sina ubaya na Mwende kupata sista. Lakini baba yake ni wa nani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimepanga Ngoliba na Mugutha kama safu mbili tofauti, kumbe walikuwa watu wa jamaa moja. Vijana walihama, wazee wakabaki, na huyo mzee aliyebaki bila mtoto wa kumshika mkono ndiye aliyehitaji muuguzi amfuate nyumbani.

Nilipotaka kuondoka nilikuta vijana wamepanga mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya gari la idara. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana. Walisema tu kwamba gari litakaa hapo mpaka waambiwe sista anarudi lini. Dereva wangu alikuwa amejifungia ndani, jasho likimtoka. Chifu aliwasihi, wakamsikiliza kwa heshima, wala hawakutoa jiwe hata moja. Kutoka saa tano hadi saa tisa nilikaa kwenye benchi ya dispensari. Ningeweza kuwaahidi lolote ili niende. Mwishowe niliwaambia ukweli: sina uwezo wa kumrudisha sista, lakini nitasema mbele ya wenye uwezo kwamba nilikosea, na chifu ataitwa asikie. Walijadiliana pembeni kwa muda mrefu. Kisha mmoja akainama akaanza kuondoa mawe.

Siku iliyofuata nililitoa lile daftari kwenye droo. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mdogo uliolala: jina, boma, presha, sukari, hali ya kidonda. Mzee Kioko alikuwepo ukurasa wa pili, na wa tatu, na karibu kila ukurasa baada ya hapo. Pembeni mwa jina lake Nekesa alikuwa ameandika, asikose hata wiki moja. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Kisha nikanawa uso nikaanza hesabu upya.

Nilijumlisha waliomo kwenye daftari na waliomo kwenye rejista, nikazingatia umri wao na umbali wa kuwafikia. Ngoliba ilihitaji wawili. Mugutha, hata na Nekesa, ilihitaji wengine. Nilijaribu kuwatoa kwingine, na kila nilipogusa nilifungua pengo jipya. Na zile nguzo za wanaostaafu zilikuwa bado hazijaanza.

Kamati ya afya ya bunge la kaunti ilituita kueleza mpango wa mwaka. Asubuhi ya siku hiyo Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watu juu yake, nao walikuwa wamemwambia asilete ombi la ajira.

"Utajibu unachoulizwa tu," akasema. "Wakiuliza kama mpango uko sawa, uko sawa. Umebakisha miezi kumi na minane, Nyokabi. Maliza vizuri."

Tuliketi bega kwa bega kwenye meza ya mashahidi. Chifu wa Ngoliba alikuwa nyuma. Nilimwalika mimi, na Mkurugenzi alipomwona alinitazama mara moja tu. Mkurugenzi alieleza mpango kwa ufasaha, akionyesha jinsi Mugutha ilivyopata nafuu. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa makamo aliyekuwa mwalimu zamani, alisikiliza akiandika. Kisha akaweka kalamu chini, akaniuliza mimi kwa jina kama mpango huo unatosha.

Nilihisi goti la Mkurugenzi likikaza chini ya meza. Niliwaza juu ya mwanangu wa mwisho aliyekuwa bado chuoni, na juu ya miezi kumi na minane.

"Mwenyekiti, mpango huu niliuandika mimi," nikasema. "Hautoshi. Nilitoa muuguzi Ngoliba kwa sababu rejista ilionyesha wagonjwa wachache, na rejista haina wasioweza kutembea. Nikimrudisha, Mugutha inabaki na mmoja. Hakuna uhamisho utakaoziba hili. Na mwaka ujao wauguzi wetu wanaanza kustaafu kwa wingi."

Mwenyekiti akauliza nilijua hayo lini.

"Ya kustaafu nilijua mapema, na niliandika. Ya Ngoliba ningejua kama ningefungua daftari nililoletewa mezani. Sikulifungua. Kuna mzee amekatwa mguu."

Kesho yake nilipokea barua ya uhamisho, fupi na ya heshima, ikinipeleka masijala ya Ruiru, pale faili zinapotunzwa. Huko hakuna mipango. Nilikabidhi funguo kabla ya saa sita.

Kamati ilichukua karibu miezi miwili. Waliidhinisha wauguzi wachache wa mkataba, wachache sana kuliko nilivyoandika, na wawili kati yao wakapelekwa Mugutha. Sista Nekesa alirudi Ngoliba. Hakunitafuta, wala sikutarajia. Lakini Karanja alipokuja masijala siku moja kufuata faili lake alinisalimu kwa mikono miwili, akaniambia sasa anakula mchana.

Jambo moja lilibaki. Jumamosi moja nilikwenda Ngoliba nyumbani kwa Mzee Kioko. Nilimkuta kwenye kiti cha mbao kivulini, magongo yameegemezwa ukutani. Nilijitambulisha kwa jina na kwa nilichofanya.

"Umetumwa na kaunti?"

"Hapana, mzee. Nimekuja mwenyewe."

"Basi keti."

Nilikaa. Nilimwomba msamaha, naye hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alinieleza jinsi usiku mguu usiokuwepo unavyomuwasha. Mama Mwende alileta chai. Nilipoaga, mzee alisema nikija tena nimletee gazeti. Nimempelekea mara nyingi.

Nilistaafu nikiwa masijala. Wenzangu walinifanyia sherehe ndogo ya keki na soda, na Afisa wa Masijala akasoma hotuba iliyosema nimetumikia umma kwa uaminifu. Nilisikiliza nikijua ni wapi uaminifu huo ulikuwa na doa. Wanaonirithi katika kazi hii wananipigia simu mara kwa mara kuuliza kanuni za hesabu, na huwapa. Kisha huwaambia waende. Kabla ya kumtoa mtu mahali, nenda uone anafanya nini pale. Jua waliozaliwa, lakini jua pia waliobaki, na uliza ni nani hawezi kufika mlangoni. Hesabu yangu haikuwa na kosa la kujumlisha. Niliwaacha watu nje yake, na sikujua kwa sababu sikutaka kupoteza siku moja.

Siku hizi naishi Mugutha, kwenye ploti niliyonunua nilipokuwa Ruiru. Mwezi uliopita nilikwenda dispensari kupimwa presha. Muuguzi aliyenihudumia hakunijua. Alikuwa mmoja wa wale wa mkataba. Nilimuuliza mkataba wake unaisha lini, akasema mwisho wa Juni. Nikamuuliza kama ameambiwa lolote. Alifunga mkanda wa presha mkononi mwangu, akatikisa kichwa.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, katika ukumbi mmoja wa Ruiru. Vikao kama hivyo nilivihudhuria miaka mingi, nikiwa meza ya mbele, nikiandika yaliyosemwa na wananchi. Safari hii nilipanga foleni ya kipaza sauti, nyuma ya mzee aliyelalamikia barabara. Mezani aliketi Mkurugenzi yule yule. Zamu yangu ilipofika aliniinamishia kichwa kidogo, kwa adabu, na karani kijana aliyekuwa kando yake akaniuliza jina na ninakotoka.

"Nyokabi," nikasema. "Mkazi wa Mugutha. Nauliza habari za wauguzi wa mkataba."

Mkurugenzi alivuta karatasi karibu, akaanza kuandika mwenyewe.